Tujihadhari na nusu ya aya

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuseme na Wakristo wenzetu wa Unguja na Pemba kuhusu namna watu wanavyotapeliwa kwa jina la Yesu, na namna imani hiyohiyo inavyoweza kuwakinga ikishikwa kama Biblia inavyoagiza. Sisi ni walimu wa Neno katika vikundi vya majumbani. Hatumtaji mhubiri wala dhehebu, maana ugonjwa huu hauchagui kanisa.

Tuanze na salamu. Visiwani kwetu Wakristo ni wachache, na wengi wamevuka bahari kufuata riziki. Wako mahotelini Nungwi, Kiwengwa na Paje. Wako walimu wa skuli, askari, mafundi ujenzi, walinzi wa usiku. Mtu yuko mbali na wazazi, mbali na mchungaji aliyembatiza. Simu ikilia na sauti ngeni ikasema "Bwana asifiwe, mtumishi" au "Tumsifu Yesu Kristo", moyo hufunguka kabla akili haijauliza lolote. Tapeli analijua hilo. Katika 1 Wafalme 13 yumo nabii mzee wa Betheli aliyemrudisha mtu wa Mungu njiani kwa maneno ya namna hiyo: mimi nami ni nabii kama wewe, malaika amesema nami. Biblia inaongeza palepale kwamba alisema uongo, na yule aliyemwamini hakufika kwao. Kuitwa ndugu si kujulikana.

Watu wengi wamefundishwa kwamba kuuliza ni kukosa imani, na shimo lenyewe limechimbwa hapo. Biblia inaamuru kinyume: "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho, kwamba zimetokana na Mungu, kwa sababu manabii wa uongo wengi wametokea duniani" (1 Yohana 4:1). Amri hii wameandikiwa waumini. Watu wa Beroya walipohubiriwa na Paulo mwenyewe "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo 17:11), na Luka amewaita waungwana kwa ajili hiyo. Ikiwa mtume alikaguliwa, mhubiri wa leo anayekasirika kwa kuulizwa "aya hiyo iko wapi?" ameshajieleza mwenyewe.

Tunalotaka kulikazia zaidi ni nusu ya aya. Mdanganyifu stadi haji na maneno ya kubuni. Huja na andiko la kweli lililokatwa. Fungueni Mathayo 4:6, pale shetani alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu. Anamsomea Zaburi ya 91 akisema Mungu atakuagizia malaika zake, na mikononi mwao watakuchukua, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Sasa wekeni kidole hapo mrudi kwenye zaburi yenyewe, mstari wa 11: "Kwa kuwa atakuagizia malaika zake, wakulinde katika njia zako zote." Yale maneno "katika njia zako zote" mjaribu ameyaruka. Ahadi ni ya mtu anayekwenda njia yake, naye ameigeuza iwe ya mtu anayejitupa kutoka juu. Jibu la Yesu nalo lisomwe polepole: "Tena imeandikwa." Hakuikana zaburi. Aliweka andiko la pili kando ya la kwanza, na uongo ukakosa pa kusimama.

Ukishaliona hili mara moja, utaliona kila mahali. Mtu anaahidiwa kwamba akitoa sadaka atarudishiwa "mara mia sasa wakati huu", nyumba na mashamba, na anasomewa Marko 10:30. Msomaji hushusha sauti au hukata kabla ya maneno yanayofuata mashamba: "pamoja na udhia". Tena anayeahidiwa pale ni aliyeacha nyumba na ndugu kwa ajili ya Injili. Aliyemtumia mtu fedha kwa simu hatajwi. Luka 6:38, "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa", imekaa katikati ya mafundisho ya kuwapenda adui na kutohukumu. Anayepewa ni "watu", na hakuna mahali pale panapotaja madhabahu ya mtu fulani. Malaki 3:10 inasema zaka iletwe ghalani "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu". Chakula hicho kilikuwa cha nani? Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inajibu: Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kanisa linalosoma Malaki kila Jumapili na halina daftari la wajane limesoma nusu.

Aya inayofunga midomo kuliko zote ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu." Muumini akiuliza fedha za ujenzi zimekwenda wapi, husomewa hii. Someni mstari wa juu yake. Unasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Wanaozungumzwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wasio na nguvu, wakipita katika nchi za watu. Wanaokatazwa ni wafalme wasiwadhulumu. Leo aya hiyo inashikwa na mwenye nguvu kumtisha mnyonge. Imepinduliwa miguu juu.

Kinga yake ni kazi ya robo saa. Ukisikia aya inayokutaka utoe, uhame, uache kazi, uache dawa au uvunje ndoa, iandike. Nyumbani soma mistari kumi kabla yake na kumi baada yake. Jiulize nani anasema, anamwambia nani, na neno gani halikusomwa. Kisha tafuta andiko la pili juu ya jambo hilohilo. Ukiwa na Biblia ya Union, ile ya 1952, na tafsiri ya Habari Njema, zilinganishe; Kiswahili cha moja mara nyingi hufungua cha nyingine. Wazanzibari hatuna udhuru hapa. Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882, alitafsiri sehemu kubwa ya Maandiko akiwa hapahapa Unguja, kwa Kiswahili kinachosemwa mjini kwetu, ili mtu asome mwenyewe asingoje kusomewa.

Kosa moja hutokea hapa mara kwa mara. Watu wanasoma aya kwenye simu, katika picha waliyorushiwa kwenye kundi la WhatsApp, yenye maua na mishumaa. Picha haina mstari wa juu wala wa chini. Fungua kitabu.

Baada ya nusu ya aya huja haraka. "Malaika yuko mlangoni sasa hivi." "Mbingu zitafungwa saa sita usiku." "Nafasi zimebaki tatu." Yoshua 9 ni sura ya kusomwa na kila mwenye simu. Wagibeoni walitaka mapatano na Israeli. Walikuja na ushahidi wa kushikika: viatu vilivyochakaa na kushonwa viraka, viriba vya mvinyo vilivyoraruka, mikate iliyokauka na kuingia koga, wakasema imetoka jikoni ingali moto siku waliyoondoka kwao mbali. Watu wa Israeli walitwaa katika vyakula vyao. Walichunguza kwa macho, ila andiko linasema hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana. Wakaapa. Baada ya siku tatu wakasikia kwamba watu wale ni jirani zao. Siku tatu tu, Ndugu Mhariri. Ukweli ulikuwa unakuja kwa miguu, na wao hawakuungoja.

Kwa hiyo tunafundisha kanuni ya siku tatu: fedha yoyote inayoombwa kwa jina la Bwana na mtu usiyemfahamu, au na unayemfahamu kwa njia isiyo ya kawaida yake, isitoke kabla ya siku tatu kamili kupita. Katika siku hizo ombea jambo hilo, na umwambie mtu mzima mmoja asiye na maslahi nalo. Neno la Mungu halichachi kwa siku tatu. Hila huchacha. Mara nyingi tapeli hukata tamaa siku ya pili, au hutuma ujumbe wa laana, na laana hiyo ndiyo jibu ulilokuwa unalitafuta.

Ya siri hatutaichambua sana. Anayekuambia "usimwambie mumeo", "usimwambie mchungaji wako, utapoteza upako", amekuondolea wale ambao wangekushika mkono. Mithali 18:17 inasema ajiteteaye kwanza huonekana kuwa ana haki, ila jirani yake huja na kumchunguza. Jirani akizuiwa kuja, hakuna uchunguzi.

Utabiri una mbinu zake. Katika mkutano wa watu mia mbili, ukisema "yuko mama hapa anaumwa miguu, na kuna deni linamkosesha usingizi", hukosi mama wa namna hiyo, pengine kumi. Mlangoni mmejaza karatasi za jina, namba ya simu na "hitaji la maombi"; karatasi hizo husomwa kabla ya ibada kuanza. Picha za msiba wenu ziko Facebook. Msikilizaji naye humsaidia nabii bila kujua: yaliyolengwa huyasimulia mwaka mzima, yaliyokosewa huyasahau njiani kurudi nyumbani.

Dawa yake ni daftari la shilingi mia chache. Andika tarehe, andika maneno yalivyosemwa, bila kuyanyoosha, andika na muda uliotajwa. Muda ukifika, soma. Yeremia 28 inaonyesha hivyo. Hanania alitabiri mbele ya watu kwamba katika miaka miwili mizima vyombo vya hekalu vitarudi kutoka Babeli, akavunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Yeremia hakupigana naye. Alisema Amina, Bwana na atende hivyo, lakini nabii wa amani hujulikana neno lake likitokea. Vyombo havikurudi, na Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Kumbukumbu la Torati 18:22 inamalizia kwa neno ambalo waumini wengi wa kwetu hawajalisikia mimbarini: neno lisipotimia, nabii amelinena kwa kujikinai, "usimwogope". Na likitimia? Kumbukumbu 13:1-3 inasema hata ishara ikitokea, kama mwenye ishara anakuvuta umwache Bwana, usimsikilize. Muujiza peke yake haumthibitishi mtu.

Paulo aliweka utaratibu wa ibadani: manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue" (1 Wakorintho 14:29). Tuulize kwa heshima: kanisani kwetu, nani anapambanua?

Wakristo wa kwanza walilijua tatizo la wahubiri wa kupita. Katika Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, yaliyoandikwa takriban mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, imeagizwa kwamba mtume mgeni apokelewe kama Bwana, akae siku moja, na ya pili ikihitajika; akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Akisema katika roho "nipeni fedha", asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, asihukumiwe. Nakala ya Kigiriki ya maandishi hayo ilipatikana Konstantinopoli mwaka 1873, mwaka uleule ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini na jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa hapo siku ya Krismasi. Tunautaja mwaka huo ili ukumbukike. Hatusemi kila mgeni afukuzwe siku ya tatu. Tunasema mgeni apate chakula na malazi kwa mwenyeji mmoja anayejulikana, barua yake ya utambulisho isomwe, kanisa alikotoka lipigiwe simu kwa namba iliyotafutwa na wenyeji wenyewe, si aliyoitoa yeye, na sheha wa shehia apewe taarifa kabla ya mkutano. Mtu mkweli hupenda kufahamika.

Sasa mafuta, maji, chumvi na vitambaa. Yakobo 5:14 inaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Hesabuni: wazee ni zaidi ya mmoja, wanakuja kwa mgonjwa, na bei haikutajwa. Mafuta mengi yanayouzwa kwenye vichupa ni mafuta ya dukani yaliyogawanywa na kubandikwa karatasi. Elisha alikataa zawadi ya Naamani aliyepona ukoma. Gehazi mtumishi wake akamkimbilia kwa uongo, akachukua talanta mbili za fedha na mavazi, na ukoma ukahamia kwake (2 Wafalme 5). Petro alimjibu Simoni, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Waliofariki walikuwa waumini wenye shida za kweli, na tunawataja kwa uchungu.

Bei ndogo nayo isitulaze. Mwaka 2011 kikombe cha dawa ya kuponya kule Samunge, Loliondo, kilikuwa shilingi 500 tu, lakini foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi na wako wagonjwa waliofia njiani wakingoja zamu.

Kwenye uponyaji tunaomba tusikilizwe vizuri, maana hapa hasara ni roho ya mtu. Sisi tunaamini Mungu anaponya. Ndiyo maana tunasema aliyeponywa apimwe. Yesu alipowatakasa wenye ukoma kumi aliwaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani" (Luka 17:14), kwa sababu sheria ya Walawi 14 ilimtaka kuhani atoke nje ya kambi amkague. Mtu afue nguo, anyoe, akae siku saba nje ya hema yake, anyoe tena siku ya saba. Yesu hakuona kipimo kuwa dharau. Basi anayeambiwa amepona sukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au VVU, aende Mnazi Mmoja, au akiwa Pemba aende Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani, apimwe huku akiendelea na dawa mpaka daktari mwenyewe aseme aache.

Yanayoharibika tunayafahamu kwa majina yake. Mwenye VVU anayemeza dawa vizuri anaweza kuambiwa virusi "havionekani". Ushuhuda hutolewa hapo kwamba amepona. Maana ya jibu lile ni kwamba dawa imevibana virusi hadi mashine haivioni. Bado vimo mwilini, na dawa ikiachwa kwa wengi huanza kuongezeka ndani ya wiki chache. Mgonjwa wa kifua kikuu hupata nafuu mapema sana, kikohozi kinapungua, anashuhudia, anaacha. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, na kuacha katikati hufuga vijidudu sugu ambavyo ataviambukiza kwa walewale wanaomwombea. Anayetegemea sindano za insulini akiziacha anaweza kupoteza fahamu ndani ya siku chache. Shinikizo la damu haliumi, hivyo kutosikia maumivu hakuthibitishi kitu. Mhubiri anayesema "tupa vidonge" muulizeni kama atakaa wodini usiku huo.

Fedha nyingi za waumini zimeliwa kwa neno "mbegu". DECI, mpango wa kuchangisha fedha uliofungwa na Serikali mwaka 2009, ulitumia lugha hiyo: watu wakapanda, wakaahidiwa kuvuna zaidi ya walichopanda baada ya muda mfupi, na kwa kuwa maneno yalikuwa ya kanisani, wengi hawakuuliza faida inatoka wapi. Faida ilitoka kwa waliojiunga nyuma yao. Fanyeni hesabu ya mkono. Watu kumi wakianza, na kila mzunguko ukihitaji watu mara mbili ya uliotangulia, ni ishirini, arobaini, themanini. Mara ya kumi wanahitajika 10,240. Mara ya kumi na nane wanahitajika 2,621,440, na Zanzibar nzima, watoto wachanga wakiwemo, ilihesabiwa watu 1,889,773 katika sensa ya 2022. Hakuna maombi yatakayozaa watu hao. Mpango wowote unaolipa kwa kuleta wengine, hata ukifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, utaanguka, na atakayeumia ni wa mwisho, yaani mama uliyemshawishi wewe.

Kuhusu sadaka halali, Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, akijiepusha na lawama, si mbele za Bwana tu ila na mbele ya wanadamu (2 Wakorintho 8:18-21). Kanisa linaloweza kuimba linaweza kuhesabu. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, kabla ya kutoka jengoni, iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, watie saini. Fedha ya simu iingie kwenye lipa namba au akaunti yenye jina la kanisa, isiingie kwenye laini ya mtu. Taarifa isomwe hadharani kila robo mwaka. Mchungaji mwaminifu hunufaika na utaratibu huu kuliko mtu yeyote, maana siku akizushiwa ana karatasi.

Tukija kwenye simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa umevaa kanzu: "Mwanangu, niko ibadani siwezi kuongea, ile sadaka ya ujenzi tuma kwa namba hii, jina litatokea la mhasibu." Picha ni ya mchungaji wako kweli, imechukuliwa kwenye ukurasa wake. Hata sauti inaweza kutengenezwa kwa akili mnemba kutokana na mahubiri yaliyorekodiwa, kwa hiyo kusikia sauti yake si uthibitisho tena. Kata simu. Mpigie kwa namba uliyoihifadhi zamani, au nenda kwake kwa miguu. Ukifika hatua ya kutuma, kabla ya kuweka namba ya siri simu hukuonyesha jina la anayepokea. Lisome lote, na jina lisipokuwa la kanisa, acha. Namba ya siri haiombwi na mtu yeyote, wala "namba za uthibitisho" zinazoingia kwa ujumbe. Kundi la WhatsApp la kanisa liwe na wasimamizi wawili wanaojuana uso kwa uso, na tangazo lolote la fedha lisiloandikwa na mmoja wao lifutwe.

Ajira za Oman na Dubai zinazotangazwa "kwa wapendwa tu" zinastahili tahadhari hiyohiyo. Anayetaka ada ya pasi, ya kipimo na ya tiketi kabla hujaona mkataba, nenda Kamisheni ya Kazi kaulize kama anatambuliwa. Kiwanja "cha mtumishi anayehama" vilevile: aliyekubali kumwona sheha pamoja nawe na aliyekataa wameshatofautiana.

Wako watakaosema tunakuza mambo. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, si mbali na hapa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kufundishwa kufunga mpaka wakutane na Yesu. Hawakuanzia kwenye njaa. Walianza kwa kutoa watoto skuli, wakaacha hospitali, wakauza mali, wakakata mawasiliano na ndugu, kila hatua ikiwa na aya yake. Kwa hiyo akiwepo jamaa yako anayezipitia hatua hizo moja baada ya nyingine, usimkejeli. Mfuate, kula naye, mwulize mstari wa juu unasemaje.

Kwa aliyekwisha tapeliwa. Piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako, 100, dakika hiyohiyo, uombe muamala uzuiwe. Fedha ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi, ndiyo maana dakika zina thamani. Usifute ujumbe. Upeleke ujumbe huo pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo. Badilisha namba ya siri. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wengine huachiwa laini wasiyoijua. Ripoti kituo cha polisi, uondoke na namba ya taarifa. Na mtu akikupigia baadaye akidai atakurejeshea fedha kwa ada ndogo, ni walewale au rafiki zao.

Kisha umwambie mzee wa kanisa. Tunajua hapa pana aibu: sisi wachache, tunaogopa majirani wasije wakasema Wakristo wanaibiana. Majirani zetu Waislamu nao wana matapeli wao wanaotumia dini, na mara nyingi wamekuwa wa kwanza kutuonya. Anayenyamaza kwa aibu humwachia tapeli namba ya simu ya mtu anayefuata kwenye kundi. Tunawaomba wachungaji na mapadri, kuanzia Jumapili hii, wasome mbele ya ibada namba rasmi za kanisa na jina linalotokea zinapotumiwa fedha, wafanye hivyo Jumapili tatu mfululizo, na karatasi yenye namba hizo ibandikwe mlangoni kwa ndani.

Ni sisi,
Walimu wa Neno, vikundi vya majumbani,
Unguja